Chuo kimeniletea makubaliano kuhusu mashine yangu ya kahawa. Nisaini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina karakana hapa Moshi, tuko mafundi sita, tunaunda mashine za mkono za kumenya kahawa. Kinachotusumbua ni punje kukatika. Matunda yakiwa ya saizi mchanganyiko, makubwa yanasagwa na madogo yanapita bila kumenywa. Mwezi uliopita mhadhiri wa chuo kimoja cha Arusha alikuja na mwanafunzi wa uzamili, wakapima, wakapiga picha, wakaniachia hati ya makubaliano ya kurasa tisa. Imejaa "ushirikiano" na "ubunifu", ila sioni mashine ikiboreshwa itakuwa ya nani. Nisaini? Na ni kweli kuna nchi ambako serikali humlipia fundi gharama za chuo?

JIBU: Usisaini leo, ndugu yangu, ila usimpoteze mhadhiri huyo. Mtu aliyefunga safari kuja kuipima ngoma ya mashine yako, ile silinda inayozunguka na kumenya, anastahili jibu zuri. Kasoro iko kwenye hati. Makubaliano ya jumla yanasema mtashirikiana. Hayasemi nani afanye nini, kwa muda gani, kwa fedha za nani. Nimefanya kazi miaka kumi na minne ya kuunganisha vyuo na wenye viwanda, na nimeona hati nyingi za aina hiyo zikipigwa muhuri, zikapigiwa makofi, kisha zikalala kabatini.

Omba mkataba wa kazi moja, na tatizo uliandike kwa namba. Kabla hawajarudi, menya debe moja, chota bila kuchagua punje 100 za kahawa ya maganda, yaani zilizomenywa zikabaki na ganda la ndani, uhesabu zilizokatika au kukwaruzwa. Hesabu pia matunda yaliyopita mazima. Rudia mara kumi kwa matunda ya wakulima tofauti. Kila mara andika nafasi uliyoiacha kati ya ngoma na bamba linaloyabana matunda, ukiipima kwa geji, na hali ya bati la shaba linaloifunika ngoma: je, meno yamesimama au yameanza kulala? Ukiwa na karatasi hiyo, mkataba unaweza kusema punje zinazokatika zishuke kutoka idadi hii hadi ile, kwa ngoma inayoweza kutengenezwa kwa vifaa vilivyomo karakanani kwako. Hicho kipande cha mwisho usikubali kiondolewe. Mchoro unaodai mashine ambayo huna hautakusaidia, hata uwe mzuri namna gani.

Halafu changia fedha, hata kidogo. Kwa sheria yetu ya hataza (patent, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi), uvumbuzi uliotokana na kazi ya kuagizwa au ya ajira ni wa aliyeagiza au wa mwajiri, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Ukiwa mwagizaji una pa kusimama. Ukiwa mwenyeji tu wa utafiti wa mtu, huna. Lakini soma hapo penye "isipokuwa", maana kurasa zako tisa huenda zinakabidhi kila kitu kwa chuo. Mimi ningependekeza hivi: michoro uliyokuwa nayo kabla ibaki yako, iorodheshwe nyuma ya mkataba kwa tarehe, maboresho yawe ya wote wawili, wewe upewe haki ya kuyatengeneza na kuyauza, chuo kiwe huru kuyafundishia.

Mwanafunzi naye asaini. Yeye si mwajiriwa wa chuo, na tasnifu yake itawekwa maktaba. Uvumbuzi ukishatangazwa, unapoteza upya ambao hataza inaudai. Kuna fundi mmoja wa Arusha nilimsimamia mimi mwenyewe, na kifungu cha kuzuia kuchapisha mapema nilikisahau. Tulipofika kuomba hataza, mchoro wake ulikuwa umeshachapishwa na vipimo vyote. Bado kinaniuma. Kwa hiyo andikeni kwamba maombi ya hataza yanatangulia kufika BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza, kisha ndipo tasnifu na makala zitoke, na wekeni ukomo wa miezi ili kijana asicheleweshwe kuhitimu.

Kuhusu serikali kulipia, ndiyo, zipo. Uholanzi mwaka 2004 ilitoa kwa kampuni ndogo vocha za euro 7,500, yaani hati za kulipia utafiti, na kwa kuwa waombaji walikuwa wengi, washindi walipatikana kwa bahati nasibu. Walipolinganishwa na waliokosa, ilionekana kwamba vocha nane kati ya kumi zililipia kazi ambazo zisingeagizwa bila hiyo vocha. Mwenye kampuni ndiye aliyechagua mtaalamu, na mtaalamu alilipwa kwa kazi iliyotajwa. Serbia nayo ilianzisha vocha za aina hiyo.

Nchi zilizotoka kwenye Usovieti nazo zilihitaji vocha kama hizo, kwa sababu tunayoifahamu. Chini ya Usovieti, taasisi zilitafiti, vyuo vikafundisha, viwanda vikazalisha, na wizara ndiyo iliyoviunganisha kwa amri. Wizara hizo zilipotoweka baada ya 1991, taasisi zikabaki bila mteja. Sisi wa Azimio la Arusha tuna historia inayokaribiana na hiyo: TEMDO, taasisi ya kusanifu mashine, iliundwa 1980 na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, 1981, zote hapa Arusha, na mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa miaka ya 1990. Wataalamu wapo, fundi yupo, ila anayewakutanisha ndiye aliyeondoka.

Kwa upande wako muulize mhadhiri kama kuna ruzuku ya COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, mnayoweza kuiomba pamoja. Na usivuke Lyamungo bila kupiga hodi: TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko hapo, iliyoanza kazi 2001, iliundwa na wadau wa kahawa wenyewe, na ndiyo iliyowapa wakulima miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Waombe matunda ya aina zao mpya ujaribie, maana ngoma iliyopimwa kwa miti ya zamani tu itakusumbua kwa wateja wanaopanda hiyo mipya.

Ukishapata hesabu zako kumi, nitumie pamoja na zile kurasa tisa. Nitakuwekea alama kwenye mistari ya kufuta kabla hujampigia mhadhiri.