Hati au tume? Yaliyonikuta kwenye kampeni ya katiba 2010

Ndugu, umeuliza kama kampeni ya kura ya maamuzi iwe na ujumbe mmoja, au kila kundi liambiwe linachopenda kusikia. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka 2010, Kenya ilipopigia kura rasimu ya katiba mpya, nilijitolea upande wa Ndiyo, rangi ya kijani, huko vijijini Kilifi. Kule kabla ya yote watu wanataka kusikia habari ya ardhi. Mtu amezaliwa shambani, babu yake kazikwa papo hapo, na bado anaitwa skwota. Msemaji wetu mmoja akasimama chini ya mwembe akatangaza: katiba ikipita, kila mtu atapata hati yake ya shamba. Vigelegele! Siku mbili baadaye, kijiji cha jirani, mwenzake akaeleza rasimu ilivyo: kutaundwa Tume ya Ardhi, nayo itachunguza dhuluma za kihistoria. Mama mmoja aliyehudhuria kotekote akainuka.

"Wanangu, mnatuletea hati au mnatuletea tume?"

Tulinyamaza. Swali lile likatutangulia kila tulikokwenda, hata kwa watu wasiomjua yule mama.

Ikabidi turudi mwembeni tukiri kosa. Tukaandika sentensi moja ya ardhi, na asiyeikubali hakupewa kipaza sauti. Mifano tulibadilisha, ahadi hatukuigusa tena. Hata Mahakama ya Kadhi, tuliyosema msikitini ndiyo tuliyosema kwa waumini wa kanisa: ilikuwamo katika katiba ya zamani pia. Baadhi walitoka nje. Waliobaki walituuliza maswali ya kweli.

Utaambiwa kambi ya Chungwa, yaani Hapana, kwenye kura ya maamuzi ya katiba ya mwaka 2005 ilikuwa na sababu chungu nzima na ikashinda kwa takriban asilimia 58. Ni kweli, lakini wale walikuwa wanakataa. Mwenye kinyongo na kifungu hiki na mwenye kinyongo na kile wote walitia alama kwenye chungwa lilelile. Ndizi, alama ya Ndiyo, ilibidi itetee rasimu nzima, huku mawaziri wa serikali moja wakivutana hadharani. Ukiwa upande wa Ndiyo, mzigo wako ni huo wa Ndizi.

Na wapiga kura wanaona. Mwaka 2010 wanasiasa wenye kauli mbili walibandikwa jina la tikitimaji: kijani nje, nyekundu, rangi ya Hapana, ndani.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wa kwanza, mwite kila msemaji faraghani umuulize: ikipita, mimi napata nini, na lini? Andika majibu yao. Yakitofautiana, ahirisha mkutano.