QNH ikishuka, usiamini futi kwa kusikia tu

Mimi ni mwongozaji wa ndege. Skrini yangu ya rada ilisoma ndege moja iko futi 3,200. Ndege hiyo nilikuwa nimeishusha hadi 4,000, na chini yake kulikuwa na nyingine kwenye 3,000. Nilipomuuliza rubani alijibu kwa utulivu kwamba yuko 4,000. Hakudanganya, maana altimita yake, yaani kipimo cha kimo, ndivyo ilivyomwonyesha. Ila bado ilikuwa kwenye hektopaskali 1013, shinikizo la kawaida la hewa, na QNH, yaani shinikizo la eneo likihesabiwa kwa usawa wa bahari, siku ile ilikuwa 985. Hektopaskali moja ni kama futi 28, kwa hiyo tofauti ya 28 inakula karibu futi 800. Niliwageuza wote wawili kila mmoja upande wake, nikamsomea QNH upya, akapanda. Mikono ilinitetemeka mpaka zamu ilipokwisha.

Kuna mstari uitwao kimo cha mpito, ambapo rubani hubadili mpangilio wa altimita. Chini yake tunahesabu futi kwa QNH. Juu yake kila ndege huweka 1013 na kuhesabu levo za safari, yaani mamia ya futi: levo 70 ni 7,000 kwenye altimita. Hilo wote tunalijua. Kinachotusumbua ni kwamba mstari huo hauko mahali pamoja. Marekani na Kanada wameuweka futi 18,000, Australia 10,000, na Ulaya kwa miaka mingi kila nchi imekuwa na wake. Uingereza kuna maeneo mengi ambako ni 3,000 tu. Kwenye 3,000 rubani ndiyo kwanza anakunja flapu za mabawa, anabadili masafa ya redio na kupokea kibali kipya, halafu akumbuke na kuzungusha altimita! Mimi nawaunga mkono wanaotaka mstari mmoja, tena wa juu, mahali ambapo kazi imeshapungua. Najua majirani watalazimika kukubaliana QNH ya eneo zima, na kazi hiyo si ndogo. Bado naona inafaa.

Mpaka hapo tutakapofika, wewe unayeanza kazi hii, soma QNH kabla hujavaa hedseti. Ikiwa chini sana, hesabu levo zako upya. Chukua kimo cha mpito cha 6,000 na QNH 985: levo 70 iko kwenye futi 6,200 hivi, kwa hiyo ukitaka futi 1,000 kamili juu ya mstari, ya kwanza kutumika ni 80. Umepoteza levo nzima kwenye foleni ya kusubiri, mara nyingi siku hiyo hiyo ambayo hali ya hewa imeshawajaza angani. Anayekupokea zamu mwambie jambo hilo kwanza.

Unapomshusha rubani chini ya mstari, tamka neno “futi” na umpe QNH katika sentensi hiyo hiyo. Akirudia futi bila QNH, mwambie arudie yote, hata kama masafa yamejaa. Akishasema amefika, tazama namba yake kwenye rada kabla ya kumgeukia mwingine.