Riwaya za vipindi vya TV: nilivyoikuta Ujiji ndani ya handaki la London

Mkuu umeuliza kwa nini mtu ahangaike kusoma riwaya iliyotolewa kwenye kipindi cha TV cha hadithi za kubuni za kisayansi wakati kipindi chenyewe unakiangalia kwenye simu, na wadau hapo juu washakujibu kwamba ni kuuziwa kitu kilekile mara mbili. Mimi nimezisoma hizi tangu niko sekondari kule Kigoma, za mitumba, kurasa zinachomoka, kwa hiyo nivumilie maana nina mengi.

Kwanza ujue zilipoanza hakukuwa na cha kurudia. Uingereza ya miaka ya 60, Doctor Who, kipindi cha BBC cha msafiri wa kwenye muda anayeitwa Daktari, ilikuwa Jumamosi jioni, ukiikosa umeikosa, mikanda ya video nyumbani hakuna. Afu BBC wenyewe walikuwa wanafuta tepu ili warekodie vitu vingine, ndo maana mpaka leo kuna epi (episodi) zaidi ya 90 ambazo picha zake hazipo, imebaki sauti tu kwa sababu mashabiki walikuwa wanairekodi wenyewe majumbani. Sasa kwa hizo epi mtoto wa miaka ya 70 alikuwa na kitabu tu. Kampuni ya Target ilianza kuvitoa mwaka 1973, vitabu vyembamba hivi, na aliyeandika vingi kuliko wote ni Terrance Dicks, zaidi ya 60, ambaye alikuwa mhariri wa skripti wa kipindi hichohicho kwa hiyo anaijua nyumba mpaka jikoni.

Kilichonikamata mimi ni kitabu chake cha 1976, The Web of Fear. Kipindi kilirushwa 1968, roboti zenye manyoya zimevamia reli za chini ya ardhi London, jeshi limekwama humo, na ndani ya handaki Daktari anakutana na kanali mmoja anaitwa Lethbridge-Stewart. Hapo Dicks anaingiza maneno yake mwenyewe, anasema hawa wawili hawakujua, lakini kukutana kwao kulikuwa tukio la kihistoria kama Stanley alivyokutana na Livingstone. Wakuu, mimi ni mtoto wa Kigoma! Ujiji ni pale, unapanda daladala unafika, tulipelekwa na mwalimu tukasimama kwenye mnara chini ya miembe tukaambiwa hapa ndipo walipokutana, mwaka 1871. Nikafunga kitabu, nikafungua nikasoma tena, sikuamini kwamba mtu anaandika mambo ya roboti za London akafika mpaka kwetu.

Baadae sana ndo nikaelewa kwa nini ile sentensi ina nguvu, ukiacha hilo la Ujiji. Mwaka 1968 wakati wanarekodi, hakuna aliyejua kanali huyo atarudi. Alirudi mwaka huohuo akiwa Brigedia, akawa rafiki wa Daktari wa miaka na miaka. Dicks anaandika 1976 akiwa anajua yote hayo. Kamera ilichukua kilichokuwa mbele yake siku ile basi, ila mwandishi amekuja nyuma na anajua mwisho wa hao watu, kwa hiyo anaweza kukunong'oneza "hawakujua". Hicho kitu hukipati kwenye kipindi hata ukiangalia mara kumi. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba epi nyingi za hadithi hii zimepatikana Jos, Nigeria, dunia nzima ikashangilia, lakini ya 3 haikuwemo, na ya 3 ndo hiyo kanali anapoingia kwenye hadithi. Mpaka leo picha zake hatuna.

Sio zote nzuri, tuseme ukweli. Dicks mwenyewe vitabu vyake vingine ni skripti imewekewa "alisema" na "akajibu", unamaliza kwa saa mbili hujabaki na kitu. James Blish aliyeandika vitabu vya Star Trek, kile kipindi cha Marekani cha safari za anga, kitabu chake cha kwanza cha 1967 alibana hadithi 7 kwenye kurasa zisizofika 150, watu wanakimbia tu, afu alikuwa anaandika kutoka kwenye skripti kwa hiyo majina mengine ya hadithi ni ya skripti, sio yale yaliyorushwa kwenye TV. Mimi nimeitafuta epi inaitwa The Unreal McCoy muda mrefu sana nikidhani imepotea, kumbe ni The Man Trap, ile ya kwanza kabisa kurushwa Septemba 1966. Ila hata hivyo namheshimu, alifika mpaka kitabu cha 12, akafariki 1975 kabla hakijaisha, mkewe J. A. Lawrence akakimalizia.

Sasa wewe umesema umeangalia ile hadithi ya Doctor Who ya 1970 ya wale watu mijusi wa kwenye mapango, epi 7, na kwamba mavazi ya mpira yalikuchosha. Malcolm Hulke aliyeandika skripti ile ndiye aliyeandika na kitabu, The Cave Monsters, 1974, na anaanza na mmoja wao. Anaitwa Okdel. Kwenye TV hawana hata majina, ni mjusi mzee na mjusi kijana, kitabuni yupo Okdel na Morka na K'to, na unamkuta Okdel zama za kale akiiangalia dunia yake mara ya mwisho kabla ya kushuka chini kulala, yani dunia ilikuwa yao kabla yetu. Mimi nilianza na kitabu ndo nikaja kuangalia. Brigedia alipolipua yale mapango mwishoni niliumia kabisa, maana nilikuwa nawajua waliomo ndani kwa majina.

Kitafute hicho, soma ule utangulizi tu wa Okdel, kurasa chache, afu rudia epi ya 7 uje utuambie.