Warsha ya wadau: andikeni na yasiyofanywa

SWALI: Shikamoo Mama. Nimeajiriwa kuratibu mradi wa ghala la barafu la kuhifadhia pweza hapa kisiwani Pate. Mfadhili anataka warsha ya siku moja na wadau wote, hotelini Lamu mjini, tukubaliane mradi utafanya nini na utaishia wapi. Warsha mbili nilizowahi kuhudhuria ziliisha kwa pilau na picha. Nifanyeje hii izae kitu?
Mratibu, Siyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza itoe hotelini. Mtu wa Siyu akienda Amu, yaani Lamu mjini, hungoja maji yajae ndipo chombo kipite, na siku yake nzima imekwenda. Ifanye darasani hapo hapo kijijini. Tena utazame mwezi kabla ya kalenda ya mfadhili: siku za bamvua, maji yakipwa sana, wavuvi wa pweza wako mwambani, utabaki na viongozi watupu. Tarehe saba au nane za mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu, hayapwi sana, utawapata.

Usiwachanganye tangu asubuhi. Mvuvi anayedaiwa na tajiri anayenunua pweza wake hatasema mbele yake kwamba bei inamuumiza. Atanyamaza, nawe utaandika "amekubali". Wiki moja kabla, nenda ukaketi naye kwake. Siku yenyewe wavuvi wakae peke yao, wanunuzi peke yao, kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi, peke yao, ndipo mkutane baada ya adhuhuri.

Miaka ya nyuma nilisimamia warsha ya gati. Tuliandika "kuboresha gati", tukapiga makofi. Fundi alielewa saruji. Manahodha walielewa ngazi ya kushukia maji yakikupwa. Akina mama wauza mahamri walielewa kivuli. Ikaja saruji. Mama mmoja akanishika mkono mbele za watu: "Na bati letu liko wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na linaniuma hadi leo.

Tangu siku ile nachora mstari katikati ya karatasi ya manila: huku yatakayofanywa, huku yasiyofanywa. Huo upande wa pili upe muda mrefu zaidi. Ikiwa mradi haununui vyombo vya kuvulia na hauingilii bei, yaandikwe hivyo, wakasirike leo wakiwa bado wanaweza kukataa. Na kila la upande wa kwanza liulizwe: kilo ngapi, kwa fedha za nani, na mfadhili akishaondoka umeme atalipa nani? Hilo la umeme hata likichukua saa nzima, liache liendelee.

Mfadhili akilalamika unachelewesha kazi, mkumbushe bandari yetu ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Jioni isome karatasi kwa sauti, maana si wote wasomao. Kisha ibandike kwenye banda wanakopimia pweza, kalamu imefungwa kwa uzi pembeni, ikae wiki nzima kabla hujampelekea mfadhili.