Randa ya fundi wangu na nusu yangu ya bima

Julai 2018, baridi ya Moshi imeshika na mlima haujaonekana wiki nzima, fundi wangu mmoja alinipigia alfajiri. "Mangi, mtoto anapumua kwa shida, niazime elfu hamsini." Nilikuwa na elfu thelathini, nikamtumia. Alhamisi akarudi kwenye karakana yangu ya useremala mikono mitupu. Randa yake ya umeme, ile mashine ya kulainishia mbao, alikuwa ameiuza soko la Mbuyuni kwa 90,000 ili mwanawe wa miaka saba aruhusiwe kutoka wodini.

Mtoto alipona, tunashukuru. Randa ndiyo haikurudi. Mpya dukani ilikuwa 280,000, na yeye kwangu analipwa kwa kipande. Bila randa anapiga mkono, na kitanda cha siku mbili kinakula siku nne. Tulikuwa na oda ya madawati 40, tukachelewa, mwenye oda akahamishia 15 kwa fundi mwingine. Muuza mbao akabaki ananidai. Mama lishe anayetulisha kwa daftari akasubiri mwezi mzima. Kijana wa kupiga msasa niliyemwahidi kazi nikamwambia arudi baadaye, na hakurudi. Nimonia ya mtoto mmoja, na mfuko wa kila mtu kwenye ule mtaa ukapungua.

Kwa hiyo ukiwa na karakana, saluni au duka lenye vibarua wawili watatu, sikushauri uwakatie bima kwa huruma. Wakatie kwa sababu fundi akiuza kifaa, umeuza na wewe.

Ila mimi nilianza vibaya. Mwaka 2019 CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Nikajifanya mkubwa, nikalipia kaya zote tano za mafundi wangu, 150,000 taslimu. Afisa mwandikishaji wa mtaa akaja na simu yake, akawapiga picha pale pale kwenye maranda. Wawili hawakuwahi kuleta picha za wake na watoto. Mmoja kadi ilikaa kwangu kwenye droo ya misumari hadi ikaisha muda. Cha bure hakina mwenyewe, na mwaka ulipokwisha hakuna aliyeniuliza habari ya kuhuisha.

Mwaka uliofuata nikasema nusu kwa nusu. Wazo si langu. Serikali yenyewe ilikuwa na utaratibu wa "tele kwa tele" kwenye CHF, wananchi wakichanga, nayo inaongezea kiasi hicho hicho. Mtumishi wa umma naye kwenye NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Fundi wa kipande hana mshahara wa kukatwa, basi nikamkata 1,000 kila Jumamosi kwa wiki 15, mimi nikaweka 15,000 yangu. Daftari liko wazi juu ya meza, kila mtu anaona jina lake. Hapo ndipo wake zao wakaanza kunipigia: "Shemeji, kadi imetoka?"

Ukishawakatia, kaa nao uwaeleze kadi inafika wapi. Hili nililipuuza na likanigharimu maneno. CHF ilikuwa inaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda kwa rufaa, na kwa hapa Moshi ngazi ya mwisho ilikuwa Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Fundi wangu mmoja alimpeleka mama yake moja kwa moja KCMC, hospitali ya kanda ambako kadi haikufika, akarudi amenikasirikia kana kwamba nimemuuzia kadi feki. Kuna siku pia utafika kituoni uambiwe dawa hakuna, kanunue nje. Imetutokea mara mbili kituo kimoja. Inaudhi, sitaficha, lakini kununua dawa ya elfu nane si sawa na kuuza randa. Na kidole kikiliwa na msumeno kazini, hiyo ni habari ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake ni wa mwajiri peke yake. Usimkate fundi hata shilingi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge liliipitisha Novemba 2023, inataka kila mkazi awe na bima. Vizuri. Viwango vinabadilika, ulizia ofisi ya mtaa kabla hujapiga hesabu zako. Ila naona halmashauri zetu zina nafasi ambayo hazijaitumia vya kutosha. Zinakopesha asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halafu operesheni moja ya hospitali inameza mtaji wa mwanakikundi na marejesho yanakwama. Kwa bei ile ya 30,000, kuongezea nusu kwa kaya elfu moja za vibarua ni milioni 15. Mikopo mingapi chechefu inazidi hapo? Diwani wetu nilimpa hesabu hii kwenye karatasi ya bahasha, akaiweka mfukoni, nikamwona ameikunja vizuri.

Kuhusu muda, angalia kalenda ya pesa ya mji wako. Kwetu ni Desemba, Wachagga wanapanda nyumbani, kila mtu anataka kitanda kipya na meza ya wageni. Mimi naanza kukata Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ya 15 inaangukia katikati ya Desemba, fundi ana hela na hanuni. Ukianza Oktoba utakata mpaka Januari, na Januari hapa ni ya ada. Nilijaribu mwaka mmoja. Nilikusanya 22,000 kwa mafundi watano.