Betri iliyovimba na dumu la petroli

SWALI: Betri ya simu yangu imevimba hadi kuinua kifuniko cha nyuma, ingawa simu ingali inafanya kazi. Kaka yangu ananiambia nisihangaike na kibetri kidogo, bali niogope dumu la petroli ya jenereta tunaloliweka jikoni. Je, niendelee kuitumia simu hii mpaka nipate nyingine?

JIBU: La, tafadhali usiitumie wala usiichaji tena. Uvimbe huo ni gesi inayotokea kemikali za betri zinapoharibika. Ndani ya betri ya lithiamu, upande chanya na upande hasi hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliolowa kimiminika kinachoweza kuwaka; utando huo ukichanika kwa sababu ya kubanwa, kutobolewa au kasoro ya kiwandani, umeme hupita moja kwa moja, joto hupanda, na joto hilo huchochea kemikali kutoa joto jingine kubwa zaidi. Mwaka 2016, Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri zilizokuwa zikishika moto.

Kwa kuwa joto linazaliwa ndani ya betri yenyewe, kuufunika moto wake hakutoshi: hupozwa kwa maji mengi, na hata hivyo unaweza kuzuka upya saa nyingi baadaye, jambo linalowasumbua sana wazimamoto wanapokabiliana na magari ya umeme. Kwa hiyo izime simu, iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyowaka, kisha uipeleke kwa fundi au mahali panapopokelewa betri chakavu. Nakusihi usiitoboe ili kutoa gesi, wala usiitupe kwenye takataka.

Hata hivyo, kuhusu petroli kaka yako amesema kweli. Mvuke wake huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na mwali wa jiko. Dumu hilo litolewe nyumbani leo hii. Ikitokea petroli ikawaka, msimwagie maji, kwa sababu huelea juu yake na kusambaza moto. Tumieni kizimamoto cha unga au cha povu, na jenereta izimwe na ipoe kabisa kabla ya kujazwa mafuta.