Ukisema "kumi na mbili" umeshapotea

Mpwa wangu alinijia na daftari akauliza: "Mjomba, 12 ya besi saba ni shufwa au witiri?" Nikamjibu hata sijaweka kikombe chini: shufwa, huoni inaishia na 2? Kesho yake akarudi na kosa la wino mwekundu. Kosa lilikuwa langu, ila limeandikwa kwenye daftari lake.

Besi saba ni kuhesabu kwa mafungu ya saba badala ya makumi, kwa hiyo 12 ya besi saba ni saba moja na mbili, yaani 9. Witiri.

Tangu hapo simruhusu kuisoma "kumi na mbili". Asome "moja, mbili". Lugha yetu imeshaitia kumi ndani ya jina la namba, kwa hiyo ukilitamka tu, umeshahesabu kwa makumi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kilichomsaidia kuliko maelezo yangu yote ni kalenda. Tarakimu ya mwisho ni siku, inayoitangulia ni wiki, na ya tatu kutoka kulia ni mafungu ya wiki saba saba. Basi 15 ni wiki moja na siku tano: siku 12. Inaishia na 5 na bado ni shufwa! Katika besi saba, ukitaka kujua shufwa na witiri, jumlisha tarakimu: 1 na 5 ni 6, shufwa, 1 na 2 ni 3, witiri. Sababu ni kwamba 7 ni 6 na moja, 49 ni 48 na moja, 343 ni 342 na moja, na hizo 6, 48 na 342 zote zinagawanyika kwa 6. Ukiziondoa, unabaki na jumla ya tarakimu. Kwa hiyo jumla hiyo inakupimia kugawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 6, kama tunavyopima 9 katika besi kumi. (Besi nane haina taabu hii, 8 ni shufwa, tarakimu ya mwisho inatosha.)

Yapo mambo yasiyojali besi. 7 ni namba tasa hata ikiandikwa 10. Na 121 ni mraba katika kila besi kuanzia tatu: katika besi tatu ni 16, katika besi tano ni 36. Ukiita besi b, hiyo ni b² + 2b + 1, yaani (b + 1)². Lakini 111 haiwi mraba kamwe, kwani imebanwa kati ya b² na (b + 1)², na hapo katikati hakuna mraba.

Ongeza moja nyingine uone. 1111 ya besi saba ni 343 + 49 + 7 + 1 = 400, mraba wa 20. Na 11111 ya besi tatu ni 121, mraba wa 11. Mwaka 1943 Wilhelm Ljunggren, mwanahisabati wa Norwei, alithibitisha kwamba, kwa namba zinazoandikwa kwa moja tupu, moja tatu au zaidi, katika besi yoyote, hakuna miraba mingine zaidi ya hii miwili.

Ile 20 yetu ya kawaida, katika besi saba huandikwa 26. Mpe kijana wako azidishe 26 kwa 26 bila kurudi besi kumi: sita mara sita ni wiki tano na siku moja, andika 1, beba 5. Wangu alifuta mara tatu. Zile moja nne zilipojipanga, akaenda kumwonyesha mama yake.